Misitu na Ziwa kwa Nauli ya Taksi

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba umefikia Bwaise, atakuuliza habari za mvua kabla hajakuuliza habari za nyumbani kwenu. Mtaa huu uko bondeni, kaskazini ya mji, pale barabara ya Bombo inapokutana na barabara ya mchepuo ya Northern Bypass, na maji yanayoangukia vilima vya Makerere, Mulago na Kawempe hushukia huku. Nyumba nyingi zina kizingiti cha saruji mlangoni kinachofika karibu na magoti. Shangazi yangu, aliyeolewa Uganda kabla sijazaliwa, amekiinua kitanda chake juu ya matofali, na friji imekaa juu ya meza ya mbao nene. Wageni hawashauriwi kuja Bwaise kutalii. Mimi nilikuja kumsalimia shangazi, na kwa kuwa nimekulia Tanga, mahali ambapo mtu anaweza kwenda ufuoni asubuhi na kesho yake akapanda basi la Muheza kwenda misitu ya Amani, nilitaka kujua mtu wa hapa anakwenda wapi akitaka kutembea tu.

Nilimwuliza binamu yangu. Yeye ni dereva wa bodaboda, anaijua kila steji ya Kampala na vichochoro vyake. Alifikiri kidogo, akasema, "Dada, kutembea bila shughuli? Kwenda wapi?" Halafu akaanza kuhesabu: Entebbe kuna ziwa, Mpigi kuna msitu wa Mpanga, njia ya Jinja kuna msitu wa Mabira. Kote huko taksi zinakwenda. Ila yeye mwenyewe, aliyezaliwa Kampala na kupita Mabira mara nyingi akielekea Jinja, hakuwa ameingia ndani ya msitu hata mara moja. Aliuona dirishani. Wakati wote wa safari yangu nilikutana na watu wa namna hiyo: wanaishi karibu na msitu au ziwa, nauli wanaimudu, lakini wameona mahali pale pakipita dirishani.

Tulianza karibu. Mfereji wa Nsooba unapita Kalerwe, unaingia Bwaise, kisha unafunguka kwenye bonde la Lubigi. Sikujua kabla ya hapo kwamba maji ya Bwaise hayaendi Ziwa Victoria, ingawa ziwa lenyewe halifiki hata kilomita 20. Kampala imekaa juu ya mgongo wa ardhi. Upande wa kusini maji hushuka kupitia Nakivubo hadi ziwani, na upande huu wa kaskazini huenda Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha Kafu, na mwisho huungana na Nile mbali kabisa na mji. Tone lililolowesha godoro la mtu Bwaise lina safari ndefu mbele yake.

Tulitembea pembeni ya bonde hilo kuelekea Kawaala na Namungoona. Siwezi kusema ni matembezi mepesi, maana malori yanakupita karibu, vumbi ni jingi, na kuna sehemu mfereji unanuka. Lakini ukishuka kidogo kutoka barabarani, mafunjo yanaanza, marefu kumzidi mtu, na kelele ya magari inapungua ghafla. Wanawake walikuwa wakipalilia magimbi katika udongo mweusi. Kijana mmoja alikuwa akikata mafunjo na kuyafunga mizigo kwa ajili ya mikeka. Kaloli, yale makorongo makubwa yenye kipara na mfuko shingoni ambayo Kampala yamejaa hadi sokoni, yalisimama majini bila kututazama. Ng'ambo ya bonde unakiona kilima cha Kasubi, walikozikwa makabaka, wafalme wa Buganda. Nyumba kuu ya makaburi hayo iliungua Machi 2010 na imejengwa upya kwa nyasi na matete.

Bonde hili linafanya kazi ambayo Bwaise inaihitaji kuliko mtaa mwingine wowote, nayo ni kupokea maji na kuyashikilia. Mafunjo huyapunguza mwendo na kuyachuja. Barabara ya mchepuo ilipita katikati ya bonde, mtambo wa kusafisha majitaka ulifunguliwa hapo mwaka 2014, na watu nao walijaza kifusi kidogo kidogo wakajenga. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya bonde. Binamu alinionyesha vipande vya kuta vilivyobaki, nyasi zikianza kuviotea. Walioishi pale walikuwa watu wa kipato cha chini, waliouziwa viwanja na watu ambao hawakubomolewa chochote, na uchungu wao ninauelewa. Hata hivyo, kila kiwanja kinachojazwa huku chini huyarudisha maji yake juu, hadi vitandani mwa watu wa Bwaise. Nilitamani kungekuwa na njia ya miguu tu, ya udongo, kutoka Bwaise hadi Busega kando ya mafunjo, watu waende kuliona bonde linalowalinda.

Asubuhi ya kwenda Entebbe tulikula katogo barabarani: matoke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo, mchuzi mzito, na pilipili kali pembeni. Kisha taksi hadi mjini, na nyingine ya Entebbe. Kampala taksi ndiyo daladala yetu, gari jeupe lenye mistari ya miraba ya buluu ubavuni, abiria 14. Ndani watu ni wapole mno. Hakuna anayegonga bodi wala kupiga kelele akitaka kushuka. Mtu husema kwa sauti ya kawaida, "Maaso awo," na dereva anasimama mbele kidogo. Nilikumbuka makonda wetu wanavyoning'inia mlangoni na kukwaruzana kwa maneno na abiria, nikaona jinsi ustaarabu unavyoweza kuwepo hata ndani ya foleni ya saa nzima.

Tulishuka Kisubi kwenda kuuona msitu wa Zika. Ni msitu mdogo, unaweza kuuzunguka bila kuchoka, na pande zote nyumba zimeusogelea. Unamilikiwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, ambayo ilianza Entebbe mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, ikitafiti homa ya manjano. Huingii kiholela. Tuliomba ruhusa, na mzee anayeutunza akatuongoza. Alitembea polepole, akitenga matawi kwa fimbo yake, akitusimulia jinsi watafiti walivyowaweka nyani wa Asia juu ya majukwaa mitini ili waone mbu wa juu wanabeba nini. Mwaka 1947 nyani mmoja alipata homa, na katika damu yake wakakuta virusi ambavyo havikujulikana. Wakavipa jina la msitu. Ndani yake umesimama mnara wa chuma wa kama mita 36, ambao watafiti waliupanda usiku kukamata mbu katika kila kimo, maana mbu wa chini si mbu wa juu.

Ilipofika Februari 2016, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya watoto waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo huko Brazili, jina la msitu huu wa Uganda lilisomwa katika magazeti ya dunia nzima. Nilimwuliza mzee kama watu wa hapa walilionea haya jina hilo. Akasema hapana, watu walikuja na kamera, wakauliza wagonjwa wako wapi, wakaambiwa hawapo. Kisha akasema jambo ambalo nimeendelea kulifikiria: kama wasingekuwa hao mbu, hapa pangekuwa na mabanda ya kupangisha zamani. Aliugusa mti mmoja mkubwa kwa kiganja alipokuwa akisema hivyo. Na ni kweli. Ukitoka ukingoni mwa msitu unaingia moja kwa moja kwenye kuta za matofali na mabati mapya.

Nilifikiria Amani. Huko nako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, miaka minne tu baada ya Waingereza kuanzisha Bustani ya Mimea ya Entebbe mwaka 1898. Baadaye watafiti wa malaria walikaa Amani miaka mingi. Misitu miwili, mmoja juu ya ziwa na mmoja juu ya bahari, na yote miwili ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu wageni wenye darubini waliihitaji. Wenyeji, waliokuwa wakichimba dawa na kuokota kuni humo tangu zamani, walitakiwa waombe ruhusa. Naishukuru miti iliyobaki, na bado najiuliza ni lini tutailinda kwa sababu zetu wenyewe.

Bustani ya Entebbe inashuka taratibu hadi ufuoni. Siku hiyo ilijaa watu wa harusi waliokuja kupiga picha, mabibi harusi wakiinua magauni kuepuka tope, na mbega weusi wenye mikia myeupe wakirukaruka juu yao. Ni mahali pazuri. Lakini tulipotaka kuendelea kutembea kando ya maji, tulikutana na ukuta. Tukazunguka, tukashuka kwingine, tukakuta lango na kiingilio. Mbele yake lango jingine, muziki mkubwa na viti vya plastiki. Mtu anayetaka kugusa Ziwa Victoria hapa anapaswa kulipa, au aende mwaloni kwa wavuvi.

Jambo hili lilinigusa kwa sababu kanuni zipo. Uganda ina kanuni za mwaka 2000 zinazotenga mita 200 kutoka majini kuwa eneo la kulindwa kwenye maziwa makubwa kama hili. Kwetu Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Kwa hiyo Uganda imewahifadhia watu wake na viumbe wake ufuo mpana kuliko wetu mara tatu na zaidi, katika maandishi. Tanga, pale Raskazone, vipande vya ufuo vimekwisha kuingia nyuma ya kuta za klabu na hoteli, lakini njia za kushuka bado zipo, na jioni utawakuta kina mama na watoto wao wameketi wakipunga upepo bila kumwomba mtu. Sasa ninaziona njia zile kwa jicho jingine. Hazikulindwa na mita 60. Zimelindwa na watu wanaozipita kila siku, na siku watakapoacha kuzipita mtu atazijengea.

Tukaenda Kigungu, mwalo ulio nyuma ya uwanja wa ndege. Ndege hupita chini kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi ubavuni, na wavuvi hawainui hata kichwa. Hapa ndipo Padri Lourdel na Bruda Amans walipotua Februari 1879 wakitokea kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, na Wakatoliki wamejenga mahali pa kuhiji. Sisi tulikuja kula samaki. Mama mmoja alikuwa akikaanga ngege wazima, akiwachanja ubavuni ili chumvi iingie, na pembeni mihogo. Alipotusikia mimi na binamu tukizungumza, akajibu kwa Kiswahili safi, cha visiwani, alichojifunza akiishi na wavuvi wa Kenya na Tanzania.

Binti yake, wa umri wa shule ya sekondari, alileta maji ya kunawa. Kabla ya kunimiminia alipiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, akanisalimu. Nilitaka kumwinua. Mama yake akaona, akatabasamu, akaniacha. Nyumbani kwa shangazi, katika chumba ambacho kuta zake zina alama za maji ya mafuriko, binti wa jirani aliyeletwa kunisalimia alifanya vilevile. Kwetu pwani heshima imo mdomoni, katika shikamoo na katika kuulizana hali hadi za watu wasiokuwepo. Bukoba na Usukumani nimeona magoti yakipigwa pia. Rafiki wa binamu, msichana anayesoma chuo kikuu Makerere, aliniambia kwamba hapigi tena magoti akiwa mjini kwa sababu suruali inachafuka na wanaume hawapigi, lakini akirudi kwa bibi yake Masaka goti linajikunja lenyewe. Sikuona haja ya kumwambia lolote. Yeye ndiye atakayeamua binti yake amsalimie mgeni vipi.

Mama muuza samaki alinieleza habari za mwaka 2020, ziwa lilipopanda Mei ile hadi kukipita kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee walikuwa wakikisimulia kama hadithi. Meza za kukaangia zilihamishwa juu, kisha zikahamishwa tena, zikafika kwenye uzio wa mwenye kiwanja. "Nyuma ukuta, mbele maji," alisema. "Tulikaa katikati." Maji yaliposhuka, wakakuta vigingi vipya mahali walipokuwa wakianika dagaa. Ngege wake alikuwa mtamu ajabu, nyama imeshikana, ngozi imekauka kwa mafuta, na alikataa katakata kumtoza binamu bei ya Kampala.

Mpanga nitaitaja kwa kifupi, ingawa siku yetu huko ilikuwa njema: msitu wa hekta 453 kando ya barabara ya Masaka, njia zake safi, na karibu yake kijiji cha Mpambire, ambako mafundi wa ngoma hukaa barabarani wakikaza ngozi kwenye magogo yaliyochimbwa. Fundi mmoja aliniruhusu nipige ngoma iliyokuwa bado na unyevu, ikatoa sauti nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alisema ngozi hazimsumbui, anazipata machinjioni. Kinachomsumbua ni gogo nene, ambalo kila mwaka analifuata mbali zaidi.

Mabira ndiyo iliyonishika. Barabara ya Jinja inapita katikati yake, na kabla ya kuingia unapita mashamba ya miwa ya Lugazi, kijani kimoja hadi upeo wa macho. Halafu taksi inasimama Najjembe, na wachuuzi waliovaa makoti ya kazi wanaikimbilia wakiinua mishikaki ya kuku, ndizi za gonja zilizochomwa hadi kuwa na rangi ya dhahabu, na maji baridi. Abiria wananunua dirishani na gari linaondoka. Sisi tulishuka. Muuza gonja alituuliza gari letu limeharibika nini.

Hatua chache kutoka kwenye moshi wa makaa, mwanga ulibadilika. Hewa ilikuwa baridi na yenye harufu ya majani yaliyooza vizuri. Kiongozi wetu wa kituo cha msitu alituonyesha mvule, mizizi ya miti mingine iliyosimama nje ya ardhi kumzidi mtu kimo, kima wenye mikia myekundu wakipita juu. Alituonyesha pia mforosadi wa Asia, mti wa kuletwa, ambao umevamia sehemu zilizokuwa zimekatwa. Kisha akasimama kwenye mti mmoja ulionyooka na kusema ni musizi. Nikacheka kwa furaha, maana namjua. Amani tunaye, Wajerumani walimpanda kwenye bustani yao, baadaye akapandwa kwa wingi milimani, hondohondo wakamla na kusambaza mbegu zake, na sasa wahifadhi wa Usambara wanamhesabu miongoni mwa wavamizi. Hapa Mabira yuko kwao. Amezungukwa na majirani wanaojua kumzuia, wadudu wanaomla, kivuli kinachomchelewesha. Nilizungumza na kiongozi kuhusu hilo kwa muda mrefu, tukalinganisha majina ya ndege na dawa za tumbo.

Binamu alikuwa kimya. Alipozungumza, alimwuliza kiongozi ni sehemu gani waliyotaka kuikata. Kila mtu wa umri wake na zaidi anaikumbuka 2007. Serikali ilipendekeza kuipa kampuni ya sukari kama hekta 7,100, karibu robo ya hifadhi. Watu walitumiana ujumbe wa simu wakiambizana wasinunue sukari hiyo. Shangazi yangu alikunywa chai ya tangawizi bila sukari, na bado anaisimulia. Tarehe 12 Aprili maandamano Kampala yaligeuka kuwa ghasia, watu wakafa, akiwemo Mhindi mmoja aliyeuawa na umati kwa sababu tu ya asili yake. Kifo kile ni doa ambalo wapenzi wa msitu hawapaswi kulisahau. Mwaka huohuo mpango uliwekwa kando, ukainuliwa tena 2011, na miti bado imesimama. Kiongozi alinyoosha mkono tu na kusema, "Hapa tulipo, na kule, na kule."

Binamu aligeuka pande hizo moja baada ya nyingine. Alikuwa mtoto wakati ule, akasema, walifungiwa ndani na kusikia milio ya risasi mjini, na hakuwahi kujua kilichokuwa kikigombaniwa kina sura gani.

Nilimwuliza kiongozi ni watu gani wanaokuja. Wazungu wa kutazama ndege, alisema, na watoto wa shule kwa mabasi. Watu wa Kampala wenye magari huja Jumapili. Wa taksi ni wachache sana, hudhani kuna lango kubwa na bei ya hoteli. Binamu akamwomba namba ya simu. Walisimama pembeni wakapiga hesabu: taksi nzima ya kukodi kutoka Bwaise kwa siku ya Idi, viti 14, wenzake wa steji na familia zao, kiingilio cha raia, kuku wa Najjembe badala ya kupika. Kiongozi alisisitiza waje asubuhi na viatu vya kufunga, na wasilete spika.

Nimekwisha kurudi Tanga. Juzi binamu aliniandikia kwamba wamechanga nusu ya nauli, na mwenzake mmoja, ambaye nyumba yao iliingia maji tena wiki iliyopita, ameuliza kama anaweza kumleta mama yake.